Kurudi kwenye Usukani

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii nimeifundisha kwa miaka kumi na mitano na ushei. Wanafunzi huiandika daftarini, hueleza maana yake ya nje na ya ndani, nami huwatilia alama ya vema kwa wino mwekundu. Lakini naungama mbele ya walimu wenzangu kuwa mimi mwenyewe sikuijua maana yake hata ilipofika Oktoba ya mwaka 2022. Nilikuwa nikifundisha habari za nyoka bila ya kupata kuumwa.

Huenda msomaji akauliza: jarida letu ni la lugha na utamaduni, habari za magari zimeingiaje humu? Namwomba anivumilie. Safari nitakayoisimulia ilianza kwa ajili ya Kiswahili, ikavunjika njiani, na nilipoiendeleza tena nilikuta kwamba njia ya barabarani na njia ya darasani zinakutana.

Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Sisi tuliokuwa tukikifundisha kwa miaka mingi kama mtu anayelea mtoto wa jirani, tuliiona habari hiyo kuwa ni heshima kubwa. Mikutano ikawa mingi. Mmojawapo ulifanyika Kampala mwezi wa Oktoba, nami nikaenda kutoka Masaka kwa gari langu dogo, Toyota kuukuu niliyoinunua kwa akiba ya miaka sita. Sikwenda peke yangu. Nilimchukua mwalimu wangu wa zamani, mzee aliyestaafu, ambaye ndiye aliyenifundisha Kiswahili nilipokuwa kijana wa sekondari. Kila mtu humwita Mzee, nami nitamwita hivyo.

Ni lazima niseme neno juu ya Mzee na lugha hii. Mwaka 1973, serikali ya Idi Amin ilipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, yeye alikuwa mvulana. Watu wengi wa kwetu waliisikia lugha hii mara ya kwanza kutoka kinywani mwa askari penye vizuizi vya barabarani, na kwa hiyo masikioni mwao neno la Kiswahili na mtutu wa bunduki vilikuwa kitu kimoja. Mpaka leo wako bibi na babu ambao wakisikia “Simama!” mioyo huwadunda. Mzee naye aliogopa kama wengine. Lakini alikwenda akajifunza lugha ile ile iliyomwogopesha, akaifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa nikiisifu habari hii katika hotuba, nisijue kuwa iko siku nitaihitaji.

Mkutano ulimalizika alasiri, tukashika njia ya kurudi. Barabara ya Kampala kwenda Masaka ina urefu wa kilomita 130 hivi. Ukishavuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe na kuendelea mbele, unaingia Lwera: kinamasi kipana, mafunjo huku na huku, Ziwa Viktoria likiwa upande wa kushoto. Wachuuzi husimama kando ya njia na samaki waliotungwa kambani, na malori ya mchanga huingia na kutoka. Njia hapo ni tambarare, nayo humshawishi dereva akanyage mafuta.

Ilikuwa yapata saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Jua lilikuwa limekwisha kuzama na mvua inanyesha. Mbele yangu palikuwa na basi kubwa, nami nilikuwa nalifuata karibu sana, nikingoja nafasi ya kulipita. Mzee, aliyekuwa ameketi kushotoni mwangu, akasema kwa sauti ya chini, “Mwanangu, liachie basi nafasi.” Mimi nikamjibu, “Tutachelewa, Mwalimu.”

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya mwisho kabla ya kishindo. Basi lilikata ghafla upande wa kulia, na papo hapo nikaliona lililokuwa likilikwepa: lori la mchanga, limesimama ukingoni mwa njia, nusu ndani nusu nje, halina taa hata moja. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari likateleza juu ya lami iliyolowa kama sabuni kwenye sahani. Pembe ya nyuma ya lori ikaingia upande wa kushoto wa gari langu, upande wa Mzee.

Mimi nilipata jeraha la kipaji na mkono uliotenguka. Mzee alivunjika mfupa wa paja. Tulikuwa tumefunga mikanda, na daktari alituambia kuwa bila ya mikanda hiyo angekuwa na kazi nyingine. Mkanda huo upitao begani na kiunoni ulibuniwa na Mswidi Nils Bohlin mwaka 1959, na tangu siku ile kila niufungapo humkumbuka mtu huyo kwa shukrani.

Askari wa usalama barabarani alipoandika maelezo yangu, nilimwambia kuwa lori halikuwa na taa. Hiyo ilikuwa kweli. Nikamwambia kuwa mvua ilikuwa ikinyesha. Hiyo pia ilikuwa kweli. Sikumwambia kwamba nililifuata basi kwa umbali wa hatua chache tu, wala sikumwambia kwamba niliombwa niache nafasi nikakataa. Watu waliokuja kunipa pole walisema, “Ajali haina kinga,” nami nikaitikia, “Ni kweli, haina kinga.” Usiku, nikiwa macho, nilikuwa nikilichambua neno lenyewe kama tulivyozoea sisi walimu wa lugha. Asili yake ni Kiarabu, ajal, maana yake muda uliowekwa, saa ya mtu iliyoandikwa. Kwa hiyo tukisema “ajali” tumekwisha kujiondolea lawama kabla ya kuanza kusimulia. Neno lenyewe ni wakili. Lakini takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizotolewa mwaka 2023 zasema kuwa watu kama milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na sababu kubwa zinajulikana: mwendo wa kasi, ulevi, kutofunga mikanda, kutovaa kofia za pikipiki. Ikiwa sababu zinajulikana, kinga nayo haikosekani. Methali ina haki yake penye msiba, kwa kuwa inamfariji aliyefikwa. Haina haki ya kumfichia dereva kosa lake.

Gari lilitengenezwa na fundi mmoja wa Nyendo, likarudishwa uani kwangu. Nikalifunika kwa turubai. Mke wangu aliniuliza kwa upole, “Mwalimu, lini utalitoa?” Nikamwambia mkono haujapona. Mkono ulipopona nikasema mafuta yamepanda bei. Kuku wakataga mayai chini ya turubai lile, na jirani mmoja akaja kuniuliza kama naliuza.

Nilikuwa nikienda kazini kwa teksi, kama tuziitavyo sisi huku zile gari za abiria 14. Hata humo sikustarehe. Dereva akilisogelea gari la mbele, mguu wangu wa kulia ulikanyaga sakafu ukitafuta breki isiyokuwapo. Harufu ya lami iliyonyeshewa ilinitoa jasho. Nilijitazama nikaona aibu, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, anatetemeka kwa sababu ya harufu. Nilidhani maradhi haya ni yangu peke yangu, kumbe madaktari wanayajua vizuri. Mtu aliyepatwa na jambo la kutisha akili yake huendelea kulinda mlango ambao mwizi amekwisha kutoka.

Mwezi wa Mei 2023 mafuriko yaliliharibu daraja la Katonga katika barabara hiyo hiyo ya Masaka, na magari yakazungushwa njia ya mbali. Wenzangu walisikitika. Wafanyabiashara walipata hasara, wagonjwa walichelewa hospitalini. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Sasa nilikuwa na udhuru ambao hakuna angeweza kuubisha: njia haipitiki. Furaha hiyo ndiyo iliyonishtua. Mtu akifurahia msiba wa nchi nzima kwa kuwa unaificha hofu yake, ajue kuwa hofu imekwisha kuwa bwana wa nyumba.

Muhula ule ule niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu insha yenye kichwa “Jambo Ninaloliogopa.” Sikuichagua kwa hila yoyote, imo katika orodha yangu ya kila mwaka. Wengi waliandika juu ya nyoka, giza na mitihani. Msichana mmoja, ambaye maandishi yake yalikuwa bora kupita ya wenzake wote lakini kinywa chake sikukisikia darasani muda wa mwaka mzima, aliandika kuwa anaogopa kusema Kiswahili mbele yangu. Alieleza sababu kwa sentensi moja fasaha: mwalimu humrekebisha kabla hajamaliza.

Niliiweka insha hiyo mezani nikaitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amesema kweli. Mwanafunzi akisema “kitabu yangu,” mimi nilikuwa nimekwisha kumrukia na “changu!” naye bado anatafuta kitenzi. Nilikuwa nikimfuata nyuma kwa karibu kama nilivyolifuata basi lile. Niliambiwa niache nafasi, na ni wazi kwamba sikuiacha barabarani wala darasani.

Jioni hiyo nilitoa sandukuni daftari langu la saikolojia la chuo cha ualimu, ambalo nililihifadhi zaidi kwa mapenzi kuliko kwa haja. Humo nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko wa kijana mwenye haraka, habari za Mary Cover Jones wa Marekani, ambaye mwaka 1924 alitangaza habari za mtoto mdogo aitwaye Peter aliyekuwa akiogopa sungura. Mama huyo hakumkemea mtoto wala hakumtupia sungura mapajani. Alimpa mtoto chakula akipendacho, na sungura akaletwa ndani ya tundu, mbali. Siku nyingine akasogezwa kidogo, na siku nyingine tena, mpaka mwishowe mtoto akamshika mwenyewe. Chini yake nilikuwa nimeandika jina la Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, ambaye katika kitabu alichokitoa mwaka 1958 aliipanga njia hiyo kwa utaratibu: orodhesha yale uyaogopayo kuanzia dogo hadi kubwa, kisha yapande moja moja ukiwa mtulivu, wala usipande kipandio cha pili mpaka cha kwanza kimekwisha kukuzoea. Mambo hayo niliyakariri kwa ajili ya mtihani, nikafaulu, nikayasahau.

Nikachukua karatasi nikachora ngazi yangu. Kipandio cha kwanza: kuketi ndani ya gari lililozimwa. Cha pili: kuliwasha bila ya kuliondoa. Cha tatu: kuzunguka kiwanja cha shule wakati wa likizo. Cha nne: kwenda Nyendo asubuhi na mapema. Cha tano: Lukaya, mahali wachuuzi wakimbiliapo madirishani na nyama ya kuchoma na gonja. Cha sita: Lwera mchana wa jua. Cha saba: Lwera jioni, wakati wa mvua. Hicho cha saba nilikiandika kwa herufi ndogo.

Nilianza kwa kuwafukuza kuku. Kwa siku nne nilisahihishia madaftari ndani ya gari, usukani ukiwa meza yangu. Watoto wa jirani walicheka, nami nikawaacha wacheke. Siku ya kwanza moyo ulienda mbio kwa muda mrefu, lakini nilikuwa nimejiwekea sharti moja: nisishuke wakati hofu iko juu. Maana mtu akikimbia hofu ikiwa kileleni, ile nafuu aipatayo humfundisha kuwa kukimbia ndiyo dawa, na kesho atakimbia mapema zaidi. Akikaa, hofu huchoka yenyewe, kama mtoto aliaye bila ya kubembelezwa. Nilikaa. Ikachoka. Siku ya nne niligundua kuwa nimesahihisha madaftari ishirini bila ya kukumbuka niko wapi.

Wakati wa likizo ya Agosti 2023 nilizunguka kiwanja cha shule mpaka nyasi zikalala. Nikaenda Nyendo. Mara mbili nilirudia njiani, nikaanza upya siku ya pili yake bila ya kujitukana. Lakini nilipofika kipandio cha tano nilikwama. Kila nilipoelekea Lukaya mikono ilikufa ganzi, na haikuwa hofu ya lori tu. Palikuwa na jambo jingine limeketi pembeni mwangu, upande wa kushoto, na ngazi ya Daktari Wolpe haikuwa na kipandio chake.

Jumapili moja ya Septemba nilikwenda kwa Mzee. Nilikuwa nikimtembelea mara kwa mara, nikimpelekea sukari na maziwa, tukizungumza juu ya mambo yote isipokuwa moja. Alikuwa anatembea kwa mkongojo, mguu wake umefupika kidogo. Baada ya chai nilimwambia, “Mwalimu, siku ile uliniambia niliachie basi nafasi. Nilikusikia. Sikuiacha. Na askari sikumwambia.”

Alinyamaza kwa muda, akikigeuza kikombe. Kisha akasema, “Mwanangu, najua ulinisikia, kwa kuwa ulinijibu. Nami nilipoulizwa na askari nilisema nilikuwa nimesinzia. Sikusinzia.”

Nilimuuliza kwa nini hakunilaumu hata siku moja, mwaka mzima. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokosa upatanisho wa kisarufi. “Mwalimu akimtolea mwanafunzi jibu,” akasema, “jibu hilo huwa la mwalimu. Nilikuwa nangoja. Si kwamba sikukasirika. Miezi ile ya kitandani nilikasirika sana. Lakini nilitaka uje nalo wewe.”

Sikuweza kusema neno. Alinipa muda wa kulia, kwani hilo nalo ni somo, kisha akaniuliza nimefika wapi na gari. Nikamweleza habari za ngazi na za kiwanja cha shule. Akacheka mpaka mkongojo ukaanguka. Halafu akauliza, “Na nafasi? Utaipimaje?” Nikamjibu kwa vile nilivyosoma: gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa kila sekunde moja, na dereva huchukua kama sekunde moja na nusu tangu jicho lione hatari mpaka mguu ukamate breki, kwa hiyo mita 33 zimekwisha kupotea kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Ndiyo sababu madereva hufundishwa kumwachia aliye mbele sekunde mbili kwa uchache, na sekunde nne wakati wa mvua.

“Na sekunde mbili utazipimaje ilhali mikono yote miwili iko kwenye usukani?” akauliza. Nikakosa jibu. Akasema, “Haraka haraka haina baraka. Hesabu mizani.”

Nikahesabu kwa vidole, ha-ra-ka ha-ra-ka ha-i-na ba-ra-ka. Mizani 12. “Sasa iseme kwa utulivu,” akasema, akiitazama saa yake ya mkononi. Nikaisema. “Sekunde mbili,” akasema Mzee. “Basi la mbele likipita mti au nguzo, anza kuisema. Ukiufikia mti ule kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha, iseme mara mbili. Lakini usiiseme haraka haraka, maana hapo utakuwa unaivunja huku unaitaja.”

Huyo ndiye mwalimu. Mimi niliifundisha methali ile kwa miaka yote hiyo kama pambo la insha, yeye akaifanya kipimo. Wiki iliyofuata nilikwenda Lukaya na kurudi, midomo ikienda kama ya mtu anayesali. Na kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimekwisha kulivuka bonde la Lwera mara tatu, mchana, jua likiwaka. Mara ya kwanza nilisimama Kayabwe penye Ikweta, nikaketi kivulini kwa muda wa saa nzima kabla ya kurudi. Watalii walikuwa wakipigana picha, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Hakuna aliyejua kuwa yule mtu aliyeketi na soda mkononi ametoka safari ndefu kuliko yao.

Kilibaki kipandio cha saba, kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Hicho sikukipanda kwa hiari yangu. Siku moja ya Aprili 2024 Mzee alinipigia simu. Siku zote mwanawe ndiye aliyekuwa akimpeleka Kampala kuangaliwa mguu. “Jumanne ni zamu yangu ya daktari,” akasema. “Nataka wewe unipeleke.” Nikamwambia kuwa ni masika na huenda mvua ikanyesha. Akanijibu, “Mvua ni ya Mungu. Usukani ni wako.”

Tulikwenda salama. Daktari alitukawisha, na tuliporudi ilikuwa jioni. Tulipopita Kayabwe matone ya kwanza yalianza kupiga kioo, na tulipoingia Lwera mvua ilikuwa imekaza. Moyo ulinienda mbio, sitaki kudanganya. Kinywa kilikauka. Mbele yangu palikuwa na basi. Nikapunguza mwendo. Magari mawili yaliyokuwa nyuma yakanipigia honi, yakanipita kwa hasira na kujiingiza katika nafasi ile niliyoiacha. Nikaiacha nyingine. Basi likapita nguzo, nikaanza kusema, na Mzee akaitikia pamoja nami, mara mbili kila mara, kama watoto wa darasa la kwanza wanaokariri.

Baada ya kilomita chache niliona matawi mabichi yametandazwa barabarani, ile alama ya madereva wetu ya kuonya kuwa mbele kuna gari bovu. Niliyaona mapema kwa kuwa kati yangu na gari la mbele palikuwa na mahali pa kuona. Nikapunguza mwendo, nikawasha taa za kuwaonya walio nyuma, nikalizunguka lori lililosimama kwa mwendo wa mtu anayepita msikitini wakati wa sala. Halikuwa na taa. Lilikuwa lori kama lile.

Nilipolivuka niligundua kuwa nasema methali peke yangu. Nikageuka kidogo kushotoni. Mzee alikuwa amelala usingizi, mkanda umemshika bega, mkongojo uko kati ya magoti yake. Safari hii alikuwa amesinzia kweli.

Walimu wenzangu, sikuyaandika haya ili nijisifu kuwa nimepona. Harufu ya lami iliyonyeshewa bado hunigusa, na huenda itanigusa siku zote. Lakini imekuwa mgeni anayebisha hodi, hana tena ufunguo wa nyumba. Turubai nimempa jirani, na kuku wametafuta mahali pengine.

Nimeyaandika kwa sababu ya yule msichana. Nilipokuwa nikijifunza kuliachia basi nafasi, nilikumbuka pia utafiti wa Mary Budd Rowe wa Marekani katika miaka ya 1970, ambaye aliwasikiliza walimu wakiuliza maswali akaona kuwa wengi wao humngojea mwanafunzi kwa muda kama wa sekunde moja tu kabla ya kumrukia. Walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wale waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu si nyingi, lakini jaribuni kunyamaza kwa muda huo darasani mtaona zilivyo ndefu. Mimi huzipima kwa ile ile methali, moyoni, nikiongeza mizani kidogo mwishoni.

Msichana yule alisema darasani kwa mara ya kwanza katika muhula wa tatu. Alisema, “Mwalimu, nina swali,” akanyamaza. Nikaanza kuhesabu mizani. Nilifika ya kumi na mbili, nikaanza tena. Alikuwa anatafuta neno, nami nililijua, lilikuwa ulimini mwangu tayari kuruka. Nikalizuia. Akalipata mwenyewe. Lilikuwa na kosa dogo la ngeli, ambalo nililirekebisha kesho yake, tulipokuwa wawili, baada ya kumjibu swali lake.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi akikaa akiyatazama makoleo yake yaliyovunjika na kusema kuwa ilikuwa ajali, uhunzi umekwisha kweli. Tuyashike tena, polepole, na kila anayekwenda mbele yetu tumwachie nafasi.